Mama Katikati na Wilaya Iliyotajirika kwa Karatasi

Tarehe thelathini mwezi huu, mwenzetu Mama Katikati anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Hiyo ni hesabu ya ofisi ya utumishi. Mwenyewe anasema ni ishirini na tisa, na cheti alichoandaliwa kimeandikwa thelathini. Mtu aliyeishi kwa kukadiria anaagwa kwa makadirio, basi tusonge mbele.

Kazi yake ilikuwa kukadiria, kila mwaka na kwa kila wilaya, mapato ya kaya ya katikati. Si wastani, jamani. Alitueleza mpaka koo likamkauka: zipange kaya zote kuanzia yenye kipato cha chini kabisa hadi cha juu kabisa, kisha uitafute ile iliyosimama katikati. Tajiri wa mwisho akijenga ghorofa jingine, yeye wa katikati hatikisiki. Kwa wilaya ndogo, ambako waliohojiwa ni wachache, aliazima taarifa za miaka iliyopita na za wilaya jirani. Hapo ndipo wengi wetu tulipoanza kuitikia kwa kichwa huku tukiwaza chakula cha mchana. Mwandishi wa maneno haya, ambaye ndiye anayekabidhiwa kiti chake, bado anaitikia kwa kichwa.

Jina lake hilo la utani alilipata kwa mzee mmoja aliyeingia ofisini amefura kwa hasira. Alisema anakaa nyumba ya katikati kabisa ya mtaa wao, amesikia redioni mapato ya nyumba ya katikati, na pesa hizo hajawahi kuzitia machoni. Alitaka kujua nani anazila. Mama Katikati alimkalisha, akampangia vikombe mezani kuanzia kidogo hadi kikubwa, akamwonyesha cha katikati. Mzee alishukuru sana, kisha akamuuliza mlinzi dawati la malalamiko liko wapi.

Sasa lile jambo ambalo halijatuingia akilini mpaka leo. Kuna wilaya moja ndogo ambako kiwanda cha nyuzi kilifungwa. Maduka yakafuata. Mwaka uliofuata, makadirio ya Mama Katikati yakaonyesha mapato yamepanda. Alirudia hesabu yote, yakapanda vilevile. Na wilaya ikivuka kiwango fulani cha mapato, shule zake hukatiwa chakula cha mchana. Mkurugenzi alimwomba kistaarabu aishushe namba kidogo tu, kwani si makadirio haya? Alikataa.

Dada yake mkubwa alikuwa mpishi katika shule ya wilaya hiyohiyo. Chakula kilipokatwa, watoto walishinda njaa na yeye akakosa kazi. Alimpigia mdogo wake simu mara moja tu: "Umetutajirisha kwa karatasi, na masufuria yangu ni matupu." Baada ya hapo hakupokea simu tena.

Mama Katikati alichukua likizo akaenda. Dada hakumfungulia mlango. Kwa kukosa pa kukaa akatembea mitaani, na kila alikopita aliona makufuli milangoni. Wenye kipato cha chini walikuwa wamehama kutafuta vibarua. Waliobaki ni walimu, wauguzi na wenye pensheni, na ile kaya ya katikati ikawa ya mmoja wao. Namba ilikuwa sahihi, na hakuna mtu hata mmoja aliyepata nafuu.

Aliporudi aliwasumbua wakubwa mpaka wakachoka. Leo, kando ya kila namba, huandikwa ni kaya ngapi zimehama, na wanaogawa chakula husoma zote mbili. Chakula kilirudi shuleni, na dada akarudi jikoni, lakini simu hakupokea. Je, ilifaa aishushe tu ile namba? Wengine wetu wanasema ndiyo, watoto kwanza. Wengine wanasema ukishusha moja, kesho kila wilaya itakuja na ombi lake. Mwandishi amebadili msimamo mara mbili akiandika aya hii.

Kwa hiyo alipotangaza kwamba anakwenda kustaafia kwa dada yake, tulidhani anatania. Alikuwa amemwandikia, na jibu hakuwa amepata. Hata hivyo alikuwa anafunga mizigo. Tulimwonea huruma, na tuseme kweli, tulimwona amechanganyikiwa kidogo.

Juzi simu ya ofisini ililia. Sauti ya mwanamke, bila salamu, ilisema: "Mwambieni chumba chake nimekipaka rangi." Ikakatika.

Tulimfikishia. Alituomba turudie, akakaa, akavua miwani, akalia mbele yetu sote. Kisha akauliza ni rangi gani.

Mama Katikati, asante kwa uvumilivu wako kwetu sisi wagumu wa kuelewa. Nenda ukaione rangi hiyo kwa macho yako, na siku zako huko ziwe njema.