Mkwe wa Machage Anasomea Ukunga

Aliyepita Bomani, Tarime, asubuhi ile akasema hakusikia kelele, huyo alipita amelala. Kijiwe cha Modesta kiko ubavuni mwa duka la steshenari, benchi refu la mbao lililobonyea katikati kwa kukaliwa na watu wenye maneno mazito, jiko la mkaa, birika jeusi la kahawa, sinia la vikombe na karanga za kukaanga. Modesta mwenyewe akicheka, wa benki kule juu wanakosea kuhesabu. Benchi lake lina wenyewe. Kuna Erasto, wanamwita Redio, maana alizaliwa bila kitufe cha kuzimia. Kuna Steven, huyo ni Spana, fundi pikipiki aliyekaa Sirari mpaka ulimi ukavuka mpaka wa Kenya ukamwacha yeye upande huu. Na siku za kuja mjini kuna Mzee Machage wa Kemambo, mwenye ng'ombe, anakaa mwisho kabisa wa benchi, fimbo katikati ya magoti. Siku ile alikuwepo na wa nne, ila hakukaa. Joram, mtoto wa kaka yake Modesta, muuguzi wa zahanati kule Machochwe, alikuwa amesimama mlangoni mwa steshenari, uso ameupeleka barabarani. Angekaaje? Machage ni baba wa Bernadetha, mchumba wake, na ng'ombe za mahari zimeshaingia zizini. Mkwe na mkwe hawabanani benchi moja. Hata kuongea wanapitishia kwa Modesta, na huku mmoja akikohoa mwenzake anajifuta.

— Modesta, — akaanza Mzee Machage, anaongea na kikombe. — Mwambie huyo kijana nimesikia habari. Na nimezisikia kwa watu.

— Joram, mzee amesikia habari.

— Shangazi, mwambie baba nilitaka kumweleza mimi mwenyewe.

— Mzee, anasema alitaka...

— Nimemsikia! Mimi ni kiziwi?

Modesta akacheka mpaka kifuniko cha birika kikatikisika. Sasa wa kulaumiwa nani? Joram alipompigia simu juzi kwamba amechaguliwa chuo kikuu, shahada kabisa, shahada ya ukunga, yule mama alipiga kigelegele simu ikiwa bado sikioni. Akamwambia muuza maandazi. Akamwambia mchungaji. Akawaambia abiria wa Noah ya Kemambo, ambao hakuwajua hata mmoja, na mmoja wao alikuwa jirani yake Machage.

— Haya, — Spana akadakia, — sasa buda, hiyo ukunga iko na digrii? Kwani digrii ya nini? Nyanya yangu alizalisha nusu ya kijiji na hakuwahi shika kalamu.

— Na nusu ya pili? — Joram akauliza.

— Nusu gani?

— Hao wengine. Walizalishwa na nani?

— Hao... — Spana akakuna kichwa kwa bisibisi. — Hao sijui. Nyanya hakuwa anawaongelea.

— Ngoja niwape taarifa kamili, — Redio akajivuta mbele. — Huko chuoni mwanamume akisomea ukunga, mwaka wa kwanza wanamfunga mto tumboni. Miezi tisa! Analala nao, anapanda nao ngazi, anaoga nao.

— Mto si utalowa?

— Wanao wa plastiki. Mwaka wa pili wanampa kichefuchefu. Kuna kidonge. Mwaka wa tatu anakatazwa vyakula, anaruhusiwa kula udongo tu na ndimu. Mwaka wa nne ndio mtihani. Unapelekwa chumbani unaambiwa lia. Unalia! Majirani wasipokuja, umefeli.

Modesta alishika ubavu. — Wewe Erasto, na nani amekwambia?

— Yupo binamu yake mtu mmoja wa Mugumu.

— Na ndevu zinaacha kuota, — Spana akaongeza. — Hiyo najua. Si uone kidevu ya Joram, iko kama sahani.

Joram akajigusa kidevu. Kila mtu akamwona alivyojigusa. Benchi likalia kwa vicheko, karanga zikamwagika, na hata Mzee Machage akainamisha kofia kuficha mdomo. Lakini alipoinua kichwa, uso ulikuwa umesharudi mahali pake.

— Modesta. Mwambie huyo kijana mimi sichezi. Leo ndiyo mwisho wa kukubali hicho chuo, si ndiyo?

— Ndiyo mzee. Anaingia humo steshenari, anabonyeza, jina linakaa. Asipobonyeza leo anapewa mwingine.

— Basi akibonyeza, kesho aje achukue ng'ombe zake. Bernadetha atabaki kwangu. Mimi nitapitaje mnadani? Kila mwanamume nitakayemsalimia, mkwe wangu anamjua mkewe mpaka ndani! Nitashika mkono wa nani?

Hapo kicheko kikakatika kama mtu ameng'oa waya. Modesta akatazama mtoto wa kaka yake. Alimwona anachungulia ndani ya steshenari, kule ambako dada wa kompyuta alikuwa anamsubiri huku anakula muwa.

— Na Bernadetha mwenyewe anasemaje? — Modesta akamuuliza, taratibu kidogo.

— Anasema nikiacha chuo kwa kumwogopa baba yake, yeye ananiacha mimi.

— Uwiii!

— Shangazi, usicheke.

— Sicheki mwanangu, nashangaa kwa sauti! Ukibonyeza unamkosa kwa baba, usipobonyeza unamkosa kwa mwenyewe! Huyo mtoto ana akili, utamtoa wapi tena mwingine?

— Nimiminie kahawa kidogo, nilifikirie hilo, — Redio akasema, akanyoosha kikombe. Akafikiri mkupuo mmoja. — Shida si chuo. Shida ni mama mkwe. Mama Bernadetha bado ni mama wa kuzaa yule, msimwone hivi. Sasa akishikwa uchungu Machochwe, na zamu ni ya Joram?

Benchi zima likavuta pumzi. Mama mkwe! Mwanamume akimwona mama mkwe njiani anaingia shambani, hata kama kuna miiba. Kumpa mkono tu hapana.

— Atamzalisha amegeuka, — Spana akasema. — Kama mtu anarudisha gari nyuma. Anatumia side mirror.

— Hapana, darubini! — Redio akasimama kabisa. — Zile za watalii wa Serengeti! Anakaa juu ya kilima, anaona kila kitu kama anatazama simba, halafu anampigia nesi simu, vuta kushoto, vuta kulia.

— Na mtandao ukikata?

— Anapeperusha kitambaa. Chekundu sukuma, cheupe pumzika.

Modesta alikuwa ameshalala juu ya meza ya vikombe, machozi yanatoka. Joram naye alicheka, akakasirika kwamba amecheka.

— Jamani nisikilizeni, — akasema. Akamgeukia shangazi yake, maana wengine hakuruhusiwa kuwatazama kwa kumkwepa mzee. — Mwaka huu mama mmoja aliletwa kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka kule karibu na hifadhi. Mguu wa mtoto umetangulia. Nilifanya nilichojua. Nikafanya chote. Kikaisha, shangazi, na mama bado yuko kitandani ananitazama. Gari la wagonjwa likafika, wakapona wote wawili. Mimi ndiye sijapona. Sitaki siku nyingine kiishe.

Redio akatua kikombe chake. Kisha sauti ikatoka mwisho wa benchi, ya haraka, kama imemponyoka mwenyewe.

— Modesta! Mwambie huyo kijana, huo mguu hakuuvuta?

— Joram, uliuvuta?

— Sikuuvuta.

— Afadhali! — Mzee Machage akapiga fimbo chini. — Mguu mmoja ukiuvuta umeua! Mwambie! Mimi ng'ombe wangu mwekundu, yule mwenye pembe moja, alikwama hivyo hivyo. Mvua inapiga kama mawe. Watu wakasema leta kisu. Nikasema kisu cha nani? Nikavua shati. Sabuni mpaka hapa!

Akakunja mkono wa shati, moja kwa moja mpaka begani, mkono mrefu mweusi wenye mishipa.

— Unasukuma kwanza arudi ndani. Watu hawajui hilo, wanavuta tu! Unarudisha, unaingia, unatafuta mguu wa pili kule ulikokunjika. Ukiupata, kwato unalifunika kwa kiganja, hivi, lisimchane mama. Unaukunjua pole pole. Halafu unangoja. Yeye akisukuma, wewe unavuta. Akipumzika, unapumzika. Unamsemesha. Mimi nilimsemesha yule ng'ombe kutwa!

— Ulimwambia nini mzee? — Redio macho yalimtoka.

— Nilimwambia niko hapa. Siendi popote.

— Shangazi, — Joram akasema, naye amesogea bila kujua, — mwambie baba hata sisi tunafundishwa hivyo hivyo. Kungoja mama asukume.

— Mwambie kumbe wana akili huko!

— Mimi nilitoa mapacha! — Spana akapiga kelele. — Mbuzi!

— Mbuzi ni nini wewe, mbuzi anajitoa mwenyewe! — Mzee akamfokea kwa furaha. — Ndama! Kemambo yote ng'ombe akikwama wanamwita nani? Machage! Wananiamsha, wananitoa kanisani, mchungaji ananiruhusu katikati ya mahubiri!

Walikuwa wote wamesimama sasa, mikono inachezea hewani, mmoja anavuta ndama asiyeonekana, mwingine anasukuma, na Modesta anapiga makofi kama yuko harusini. Ndiyo maana hawakumwona mwanamke aliyesimama ng'ambo ya barabara na kikapu cha dagaa kichwani. Joram ndiye aliyemwona. Aliruka kama amekanyaga moto, akajibanza nyuma ya bango la fotokopi, miguu tu ndiyo inaonekana.

Alikuwa Mama Bernadetha. Naye alipoona ile miguu, akageuka hapo hapo, akawapa mgongo. Pikipiki zinapita, watu wanapita, yeye ametazama ukuta wa duka la mbolea.

— Modesta! — akaita ukuta.

— Abee, mama!

— Hamjambo hapo kijiweni?

— Hatujambo! Tunazalisha ng'ombe!

— Nimesikia. Nimesimama hapa tangu ile mvua ya ng'ombe mwekundu ilipoanza kupiga. — Akaweka kikapu sawa. — Huyo mzee aliyekunja shati, niulizie neno moja tu, mimi niondoke.

— Uliza mama.

— Muulize, siku nilipokwama na Bernadetha, kutwa nzima, mtoto amegoma, yeye alikuwa wapi?

Modesta alifungua mdomo apeleke neno kama alivyopeleka mengine yote asubuhi ile. Neno likakataa kwenda. Na lilikuwa limeshafika.

Redio akatazama karanga chini, akaanza kuokota moja moja. Spana akapangusa bisibisi ambayo haikuwa na uchafu. Wanaume wote watatu waliketi polepole, na benchi likalia kwa uzito. Kwa sababu kila mmoja alikuwa na siku yake ya namna hiyo, na kila mmoja siku hiyo alikuwa mahali fulani ambapo palikuwa mbali, na aliambiwa mwanamume hafiki pale, akashukuru kwa kuambiwa.

Mzee Machage alitazama mkono wake. Ulikuwa bado uchi mpaka begani. Akashika mkono wa shati kama anataka kuukunjua, akaacha.

Barabarani ng'ambo, mgongo wa Mama Bernadetha ulisubiri. Haukuwa na haraka. Ulikuwa umesubiri tangu siku aliyozaliwa Bernadetha.

— Joram, — akasema Mzee Machage.

Modesta alishtuka, akadhani ni yeye apeleke. Hapana. Mzee alikuwa ameligeukia lile bango la fotokopi mwenyewe, uso kwa bango.

— Naam, baba.

— Hiyo kompyuta. Umeme hapa mjini unakatika ovyo. Unangoja nini?

Weee! Kama ulikuwa Tarime siku ile ulisikia. Modesta aliachia kigelegele dada wa kompyuta akameza muwa na maganda. Redio akakumbatiana na Spana, wakaulizana kwa nini wanakumbatiana, wakaendelea. Bango la fotokopi likatembea kinyumenyume mpaka mlangoni, likaachwa limeegemea, na miguu ikaingia ndani mbio.

— Ameingia? — Mama Bernadetha akauliza ukuta wake.

— Ameingia!

— Amebonyeza?

Modesta akachungulia dirishani. Aliona kidole cha mtoto wa kaka yake kimesimama hewani, kisha kikashuka.

— Amebonyeza mama! Jina limekaa!

Ndipo yule mama akageuka. Akavuka barabara bila kutazama pikipiki, akatua kikapu, akakaa benchini, mwisho kabisa, pale pale pembeni ya mume wake, jambo ambalo kijiwe kile hakijawahi kuliona.

— Haya Modesta, nimiminie na mimi kahawa.

Modesta akanyanyua birika, akaliinamisha, akaliinamisha zaidi. Likatoa tone moja na machicha.

— Mama yangu, imekwisha! Hawa ndama wa watu wameimaliza!

Mzee Machage akamgeukia. Alichukua kikombe chake, kilikuwa bado nusu na bado kina moshi, akakigeuza upande ambao hakunywea, akampa mkewe. Akampa kwa ule mkono wenye shati lililokunjwa.

— Kunywa, — akamwambia. — Niko hapa.