Orodha za Dada Yangu Verna

Mchungaji, ndugu, majirani wa hapa Winneshiek, na ninyi wageni mliotoka Washington kwa ndege mbili na gari la kukodi, mimi ni Orrin Kjelstad, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha yake. Marit, binti wa marehemu, ameniomba nifuate tarehe vizuri na nisitanie sana. La kwanza nitajitahidi.

Verna Alma Kjelstad Pruitt alizaliwa Ijumaa tarehe 2 Mei 1952, katika nyumba ileile ya shambani ninayoishi mimi hadi leo, maili sita kutoka hapa kanisani, akiwa mtoto wa kwanza wa Selmer na Alma Kjelstad, nami nikafuata miaka minne baadaye, tukawa wawili tu. Alianza kutembea mapema, akaanza kusahihisha watu wazima mapema zaidi.

Mwaka 1964 mvua zilikatika, nyasi zikaisha, na baba akakaa mezani akiwa ameshika kichwa, hajui auze ng'ombe yupi ili wengine wafike majira ya kuchipua. Verna alikuwa na miaka kumi na miwili, akachukua karatasi, akaandika ng'ombe wote kumi na wanne kwa mpangilio, wa kuachwa kwanza juu, wa kuachwa mwisho chini, na hapo juu kabisa, namba moja, alikuwa ndama wangu Posy, niliyemlisha kwa chupa kwa mkono wangu mwenyewe. Nilipolia aliniambia, "Hatoi maziwa, Orrin, anakula tu, kama wewe." Baba aliifuata ile karatasi, shamba likapona, na mimi sikumsamehe dada yangu mpaka nilipofika darasa la nane, na hata hapo nilimsamehe nusu.

Alimaliza sekondari ya Decorah mwezi Mei 1970, akasoma hesabu katika chuo cha Kilutheri cha hapo hapo mjini hadi 1974, akaenda Minneapolis kusomea fedha za umma, akamaliza 1976, na tarehe 1 Februari 1977 akaajiriwa serikalini huko Washington. Mwaka 1985 alihamishiwa ofisi inayosimamia uchunguzi wa sayari, na huko alikaa mpaka alipostaafu tarehe 30 Juni 2014.

Watu wa hapa kijijini kila mara waliniuliza kama dada yangu ni mwanaanga, nikawaambia hapana, yeye ndiye anayewaambia wenye ndoto kwamba ndoto yao imezidi uzito. Kila mwaka aliandika bajeti, akaenda kuitetea mbele ya Bunge, akarudi na fedha pungufu ya alizoomba, akazigawa kwa safari zote, hii ya Zuhura, ile ya Mshtarii, nyingine ya kimondo kisicho hata na jina. Sisi tunasema akiba haiozi, lakini serikalini akiba inaoza tarehe 30 Septemba, mwaka wa fedha unapofungwa, kisichotumika kinarudi hazina, kwa hiyo viongozi wa safari walijifunza kuficha fedha mifukoni, na Verna alijifunza kuwapekua. Hatimaye aliona kupekuana kunachosha, akaweka sheria moja, kwamba kila timu, kabla haijapewa hata senti, ilete orodha ya vitu itakavyoviacha mambo yakiwa magumu, kwa mpangilio, cha kwanza mpaka cha mwisho. Alisema mtu akiulizwa akiwa na njaa hujibu kwa tumbo, afadhali aulizwe akiwa ameshiba. Wakubwa zake walidhani ni hekima ya Washington. Mimi nilijua ni ng'ombe wa baba.

Jumamosi tarehe 16 Juni 1979 alifunga ndoa na Desmond Pruitt, mchora ramani, mtu mpole aliyeweza kupotea njia ya kwenda dukani, na tarehe 3 Machi 1983 Mungu akawajalia mtoto wao wa pekee, Marit, ambaye leo anafundisha fizikia huko Maryland na ndiye aliyemuuguza mama yake. Desmond alitutangulia tarehe 9 Oktoba 2016.

Sasa nafika mahali ambapo Marit ameniambia naweza kuparuka nikitaka. Sitaki.

Mwaka 1996 Verna alisimamia safari ya kwenda Mirihi, chombo kisicho na watu ndani walichokiita Killdeer, kwa jina la yule ndege anayetaga mayai kwenye changarawe za barabara zetu. Mirihi haiendewi siku yoyote mtu anapojisikia, dunia na ile sayari hukaa mkao wa kufikiana mara moja kwa miezi ishirini na sita, kwa wiki chache tu, wao wanaita dirisha, na likifungwa chombo kinawekwa ghalani na watu wanarudishwa makwao. Dirisha lilipofunguka mwezi Novemba, ikagundulika valvu moja ya mafuta inavuja. Kuibadilisha kulitaka fedha ambazo hazikuwepo, basi wakachukua orodha yao, wakaanza kukata kutoka juu, na namba tatu ilikuwa redio ya akiba, ile ya pili, ya kuzungumza na nyumbani ya kwanza ikizimika. Dakta Lowell Tamburro, aliyekuwa mwanasayansi mkuu wa Killdeer, naye yuko hapa leo benchi la tatu, alimwambia, "Verna, unakikata chombo sikio!" Naye akamjibu, "Masikio yapo mawili, Lowell. Valvu ni moja." Akaikata.

Wiki hiyohiyo, Alhamisi tarehe 21 Novemba, mama yetu alifariki.

Verna alinipigia Ijumaa asubuhi, sauti yake ikiwa kavu kama mahindi ya Oktoba, akasema, "Orrin, sitaweza kuja. Kila mabadiliko yanahitaji sahihi yangu. Nikiondoka siku tatu dirisha linafungwa, na watu mia tatu wanapoteza kazi." Nikamwambia, "Na mama naye dirisha lake ni Jumatatu saa tano." Jumatatu tulimzika mama, kaburi lile pale nje, kiti cha Verna kikiwa kitupu na watu wakiwa na adabu ya kutouliza. Ijumaa Killdeer ikaruka salama, hata gazeti la Decorah likaandika habari yake, na mimi gazeti lile nikawashia jiko.

Chombo kilisafiri miezi kumi. Jumanne tarehe 23 Septemba 1997, kikiwa kinaingia Mirihi, redio yake ikazimika, na ya pili haikuwepo. Wa kwanza aliyenipigia kunipa habari alikuwa Verna mwenyewe, akasema, "Kimenyamaza, Orrin." Ulimi hauna mfupa, na wangu siku ile haukuwa na haya pia. Nilimwambia, "Ulimwacha mama azikwe bila wewe, kwa ajili ya chuma bubu." Akasema, "Ndiyo," akakata simu.

Hatukusemeshana miaka mitatu na zaidi. Watu wa hapa mlijua, na wala sisimami mbele yenu kujisafisha. Moyoni nilijiambia kwamba nimeshaielewa orodha yake, kwamba sisi wa shambani tulikuwa juu kabisa, namba moja, pamoja na Posy.

Mambo mengine ya miaka ile sikuyajua mpaka jana, Dakta Tamburro alipoketi jikoni kwangu akila lefse ya mke wangu, ile chapati ya viazi, vipande vinne, nimehesabu. Alinieleza kwamba kamati ya uchunguzi ilimhoji dada yangu siku tatu, ikimpa kila nafasi ya kumtaja mwingine, kwa kuwa orodha ile iliandikwa na timu nzima na redio waliiweka namba tatu wao wenyewe, Dakta Tamburro akiwemo, lakini Verna akasema tu, "Orodha ni ya wengi. Kalamu iliyokata ni yangu." Alishushwa cheo, akapanda tena taratibu, akasimamia safari nyingine tisa na nane zikafika. Na ukutani ofisini kwake, tangu mwaka ule mpaka anastaafu, alibandika karatasi ya maneno machache kwa mwandiko wake, kila kijana mpya aisome kabla ya kuketi: Kata magurudumu, kata kamera, usikate njia ya kusikizana.

Jumapili tarehe 14 Januari 2001, saa kumi jioni, simu yangu ililia. Hakuomba radhi, nami sikuomba, sisi ni Wakjelstad. Alisema, "Huko theluji imefika wapi?" Nikasema, "Magotini mwa ng'ombe." Akauliza, "Ng'ombe mrefu au mfupi?" Nikacheka kabla sijakumbuka kwamba nimekasirika. Tangu siku hiyo alipiga kila Jumapili saa kumi, miaka ishirini na tatu, akiwa Washington, akiwa safarini, siku aliyomzika Desmond pia, tukazungumza mvua, bei ya maziwa, na nani kanisani amenunua trekta asiloliweza. Mama hatukumtaja hata mara moja.

Mwezi Septemba 2022 madaktari walimwambia ana ule ugonjwa wa mishipa ya fahamu unaozima misuli mmoja baada ya mwingine, na akili ukaiacha nzima ikitazama. Nilifunga safari kwenda Maryland, walikokuwa wakiishi yeye na Marit, nikamkuta hana machozi, ana peni. Aliendelea kunipigia, ulimi ukizidi kuwa mzito, mpaka Novemba mwaka jana sauti ikaisha kabisa, ndipo zamu ikageuka nikawa mimi ninayepiga, Marit akimshikia simu sikioni, naye akigonga kwa kidole, mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Si rahisi kuzungumza na mlio wa kidole. Mwezi Januari nilimwambia Marit, "Tumpumzishe mama yako, nadhani ninamchosha tu na habari za ng'ombe." Marit akanijibu, "Mjomba, wewe piga tu." Nilidhani ananionea huruma mimi.

Jumapili iliyopita, tarehe 3 Machi, nilimweleza kwamba ndama mmoja amezaliwa na nimempa jina Posy, nikamuuliza kama safari hii naweza kumbakiza. Aligonga mara mbili. Kisha, baada ya kitambo, akagonga mara moja. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya mwisho. Jumanne tarehe 5 Machi 2024, saa mbili asubuhi, dada yangu alifariki nyumbani kwake, akiwa na miaka sabini na moja, Marit akiwa amemshika mkono.

Alipomleta huku, Marit alinipa karatasi iliyokuwa imebandikwa kwenye friji yao tangu ile Septemba, sikuwahi kuigeukia kwa kuwa nilidhani ni ya dukani. Ni orodha ya Verna, ya vitu atakavyoviacha, kwa mpangilio. Namba moja, gari. Mbili, ngazi. Tatu, kwaya. Nne, kalamu, na kuanzia hapo mistari ya kukata ni ya mkono wa Marit. Tano, chakula cha kutafuna. Sita, kusema. Yote sita yamekatwa. Namba saba, ya mwisho, imeandikwa, "Orrin, Jumapili saa kumi," na haikukatwa. Miaka yote hii nilikuwa ninaisoma orodha ya dada yangu kutoka juu, na mimi nilikuwa chini.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa Maryland waliomhudumia mwaka mmoja na nusu, majirani zake waliopokezana kukesha, na ninyi mliofanya naye kazi, hasa Dakta Tamburro. Nawashukuru majirani wa hapa mliochimba kaburi mwezi Machi katika ardhi iliyoganda, pembeni ya mama, mahali alipochelewa kufika. Kina mama wa kanisa wameandaa kahawa na chakula katika ukumbi wa chini, msikimbie.

Verna, ile siku ya chuma bubu nilikosea, na nilipaswa kukuambia mojawapo ya zile Jumapili elfu moja na zaidi. Pumzika sasa, kwa amani, karibu na mama. Kesho saa kumi nitakuwa jikoni, kiti kilekile, karibu na simu.