Kambere Aliyecheza Salamu Zetu

Padri wetu, wazee, wakwe zetu muliovuka ziwa kutoka Bukavu, majirani wote, nawaomba kimya kidogo. Mimi ni Kahindo, dada mukubwa wa marehemu, na karatasi hii nitaisoma mpaka mwisho, hata pale ambapo wengine wangependa niruke.

Kambere Achille alizaliwa Butembo tarehe 9 Mei 1988. Baba yetu alifariki Kambere akiwa bado mudogo, ndipo Papa Kamate, kaka mukubwa wa baba, akatuleta hapa Goma, akatulisha, akatuvalisha, akamusomesha Kambere mpaka akapata diploma ya serikali mwaka 2007.

Kuhusu kazi, nimeombwa niseme tu kwamba aliuza simu kule Birere. Ni kweli, aliuza. Lakini ndugu yangu alikuwa muchekeshaji tangu mwaka 2011, kwenye arusi, katika sale, zile kumbi za parokia, na kule Kanyaruchinya kati ya watu waliokimbia vita, nami sitamuzika na kazi ya mutu mwingine.

Muchezo uliomujulisha munaujua: mutu anatumwa mbio kumwambia jirani kwamba nyumba yake inawaka moto, lakini adabu ni adabu, anavua kofia, anatoa mukono wa kuume akiushika kwa ule wa kushoto, anauliza habari ya mama, ya watoto, ya shamba, ya mbuzi, na jirani naye anajibu yote na kuuliza ya kwake, mpaka moshi unawakohoza wote wawili, ndipo wanaanza kuulizana habari ya kikohozi.

Tulicheka sana, maana ni sisi. Shida ni kwamba Kambere alimuigiza Papa Kamate mwenyewe, namna anavyobana kofia kwapani na kusafisha koo mbele ya kila swali, basi watoto wa mutaa wakawa wanasafisha koo kila muzee akipita. Papa Kamate aliumia, na alikuwa na haki ya kuumia.

Tarehe 16 Julai 2016 Kambere alimuoa Sidonie Baharanyi. Papa Kamate alikuja, lakini Kambere alipomunyooshea mukono mbele ya wakwe, muzee aliuacha pale, akaendelea kusalimia wengine. Tangu hapo, kila Noeli Kambere alisimama mulangoni kwa muzee, akatoa mukono, akarudi nao.

Mungu aliwapa Exaucée, mwaka 2017, na Benny, mwaka 2020. Mutu asidhani baba yao alidharau salamu: watoto hao hawakukaa mezani kabla ya kusalimia kila aliye nyumbani, hata fundi wa bomba.

Figo zilianza kumusumbua Novemba 2023, akatibiwa hapa Goma, akafariki asubuhi ya Jumanne, tarehe 14 Oktoba 2025. Siku za mwisho, kila mulango ulipofunguka aliinua mukono kidogo, akaangalia ni nani. Papa Kamate hakuja. Inaniuma, nasema wazi.

Tunawashukuru waganga wa hospitali na wauguzi, majirani walioleta makala ya kupikia na maharagi, wenzake wa muchezo, na wauza simu wa Birere waliofunga biashara leo.

Papa Kamate, nakuona pale mbele. Ulitulea, aksanti, wala sikuombi usahau. Ila jeneza hili halitoki hapa kabla hujamusalimia mutoto wako. Simama, uje, uulize habari zote, usiruke hata moja, Exaucée atamujibia baba yake, na sisi tutangoja. Mukimaliza, ndipo tutamuambia Kambere apumzike kwa amani.