Kanga ya Marehemu Kitabuni

Pantoni ya Kivukoni ilituvusha mto siku moja pamoja na lori la mpunga. Pembeni yangu Kelestini, kijana anayesomea uchoraji, alikuwa akimwonyesha mama mmoja msuka mikeka kitabu anachowatengenezea watoto. Picha zake hazikuchorwa, zilibandikwa kwa vipande vya gunia na nguo, ili watoto wazipapase.

Mama akapitisha kidole juu ya kiboko wa gunia. "Huyu amekauka, mwanangu. Mrudishe majini." Alipofika kwenye mto, uliokuwa kipande cha kanga ya buluu, akasita. "Na hii ya nani?"

"Ya marehemu mama yangu. Niligawiwa tulipomaliza matanga."

"Ukaikata! Nguo ya urithi huvaliwa."

"Mimi mwanaume nitaivaaje, mama? Alipika pombe miaka yote ili nisome. Nataka kila mtoto anayefungua kitabu hiki amguse kidogo. Sina shukrani nyingine."

Mama akaipapasa tena ile kanga. Mimi nikautazama mto tuliokuwa tukiuvuka kana kwamba sijawahi kuuona.

"Bado nasema umekosea," akasema hatimaye. Akachukua ukili, utepe wa majani ya mkindu aliokuwa akiusuka tangu ng'ambo, akakata kipande kwa kisu chake. "Lakini mto gani hauna majani ukingoni? Bandika hiki. Na ukimwombea mama yako, mwambie Natalia wa kijiji cha Mbingu anamsalimu."

"Asante sana, mama. Ila kama nimekosea, mbona umenipa..."

Pantoni ikagusa nchi kavu, lori likanguruma. Mama Natalia akashuka bila kumjibu, ukili wake umeanza kufumuka mkononi.