Mama Emilienne Lwamba na Majibu ya Wasomaji wa Kasongo

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mama Emilienne Lwamba, mtunza vitabu wa Kasongo. Ametuaga akiwa mzee, nyumbani kwake, watoto wakiwa wamemshika mikono. Tutalia kidogo. Lakini zaidi tutashukuru.

Emilienne alizaliwa upande wa Lusangi, katika familia ya wakulima wa mpunga. Nyumbani walisema Kibangubangu. Kiswahili na Kifaransa alivipata shuleni. Alipoolewa Kasongo, alipewa kazi ya kutunza nyumba ya kusomea, chumba kimoja chenye bati lililovuja upande wa dirisha.

Na alikuwa mkali, wasikilizaji! Ukutani alibandika kibao: USIANDIKE NDANI YA KITABU. Ukirudisha kitabu kina alama ya penseli, utatozwa faini, kisha utakaa pale pale ufute mbele ya macho yake. Binti yake, Estelle, anacheka akikumbuka: "Mama alikuwa na kifutio mufukoni kila siku. Hata kanisani."

Kisha vita vikaja. Familia ilikimbilia porini pamoja na majirani. Waliporudi, nyumba ya kusomea ilikuwa imevunjwa mlango. Vitabu vingi vilikuwa vimekwenda, na kurasa zake zilionekana sokoni. Wauzaji walizikunja kufungia karanga na mikate ya mafuta. Emilienne hakugombana na mtu. Watu walikuwa na njaa, na karatasi ni karatasi.

Asubuhi moja alinunua karanga. Alipofungua karatasi, akaona ukurasa anaoufahamu. Ulitoka katika kijitabu cha afya ya watoto, mahali panapoeleza jinsi ya kumpa mtoto anayeharisha maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kwa kipimo. Pembeni, kwa penseli, kulikuwa na maneno machache: "Nilifanya hivi. Mutoto aliishi."

Emilienne alikaa chini hapo hapo sokoni. Karanga zikamwagika. Muuzaji akauliza, "Mama, iko nini? Karanga mubaya?"

"Karanga muzuri," akajibu. "Ni karatasi ndiyo inanisemesha."

Kuanzia siku ile hakufuta tena. Aliondoa kibao. Alipitia vitabu vilivyobaki, safari hii akitafuta yale aliyokuwa akiyafukuza. Akakuta mtu aliyeandika "uongo" kando ya somo la kilimo. Akakuta sala fupi pembeni ya hesabu za kugawanya. Akaanza kutembea pia, akiuliza watu walisoma nini na walifanya nini baada ya kusoma. Kule Nyangwe, mpiga makasia mmoja, Papa Kassimu, alimweleza jinsi alivyosomea abiria hadithi ya mapenzi mtumbwini. "Tulibishana kama ule binti aolewe ao asiolewe," alisema. "Tulipofika ngambo, hakuna aliyetaka kushuka. Mama moja alinikasirikia juu ya kufunga kitabu!"

Basi, baada ya miaka, vitabu vipya vikaletwa kama msaada. Rafu zilikuwa chache. Mwenyekiti wa kamati ya nyumba ya kusomea, Papa Salomon, akaamua kwamba vitabu vya zamani vilivyoandikwa-andikwa vitupwe.

"Ni vichafu," alisema.

"Papa, ule si uchafu," Emilienne akajibu. "Ni majibu ya watu. Hatuna ushahidi mwingine wa namna watu wetu walivyosoma."

"Utajuaje ni kweli? Mtu anaweza kuandika chochote."

Swali lile lilimuuma, kwa sababu lilikuwa swali zuri. Akaomba wasitupe kitu kwanza. Akachukua ukurasa wake wa karanga, akaenda kumtafuta aliyeuandika.

Aliuliza Kasongo nzima. Aliuliza Kabambare. Kila mahali alikosa. Mwishoni mama mmoja akamwambia kwamba zamani kulikuwa na wafanyabiashara kutoka upande wa Bukavu waliokuwa wakiazima vitabu, na wengi wao walifuata dhahabu Salamabila. Emilienne akapanda moto, yaani pikipiki, akafika Salamabila amejaa vumbi hadi kwenye kope.

Sokoni, kati ya wachimbaji wanaonunua sabuni na betri, alikwenda duka kwa duka mpaka lile la mama mmoja anayeitwa Nabintu. Akamsomea yale maneno ya pembeni. Nabintu alikuwa akipima mafuta. Mkono ukasimama.

"Mama," akasema polepole, "unakuja kunidai faini?"

Emilienne akacheka mpaka machozi yakamtoka. "Hapana, mama. Nakuja kukuuliza ilikuwa namna gani."

Nabintu akamkalisha, akamweleza. Mume alikuwa safarini. Mtoto wao, Aganze, alikuwa ameharisha mpaka macho yameingia ndani. Mama mkwe alikataa mtoto apewe maji, akiamini yatazidisha ugonjwa. Nabintu akafungua kile kijitabu alichoazima, akamsomea kwa sauti. Mama mkwe akasogea karibu. Akasema asomewe tena. Kisha akasema, "Leta kijiko." Walimnywesha kwa zamu, kidogo kidogo, na jioni mtoto akaomba uji.

"Lakini kwa nini uliandika ndani ya kitabu?" Emilienne akauliza.

"Sikuwa na mutu wa kuambia," Nabintu akajibu. "Kitabu ndicho kilinisaidia. Nikaambia kitabu."

Wasikilizaji wapendwa, kamati ilipokutana, Nabintu alifika mwenyewe Kasongo. Aliletwa kwa moto na dereva mrefu, mabega mapana. Papa Salomon akauliza, "Na yule mtoto wa kwenye karatasi yuko wapi?"

Dereva akavua kofia. "Ni miye, papa."

Salomon akainuka. Kisha akaamuru seremala atengeneze rafu nyingine. Vitabu vya zamani vikabaki, pamoja na alama zao zote za penseli. Viko Kasongo hadi leo, na vijana wanaosoma historia huja kuviomba.

Siku ya mazishi, Aganze alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Mama Nabintu alisema maneno haya tu: "Mama huyu aliacha kazi yake, nyumba yake, akaja mbali kuniuliza nilisoma nini. Hakuna mutu mwingine aliyewahi kuniuliza. Nasema aksanti."

Kwa Estelle, kwa wadogo zake, kwa wajukuu na ukoo wote wa Lwamba, Kasongo na Lusangi, pokeeni pole zetu. Tunalia pamoja nanyi, na tunawashukuru kwa kutuazima mama yenu miaka yote ile.

Na wewe unayesikiliza, fikiri kidogo. Yapo maneno uliyosoma siku moja, yakageuza jambo nyumbani mwako. Labda aliyeyaandika hatajua kamwe. Labda hata watoto wako hawajui. Ukizima redio, waite. Waambie ulisoma nini, na ulifanya nini, ungali na sauti ya kuwaambia.