Macho ya Mwarandu

Tangu vita vya pili vya dunia viishe, feri ya Likoni ilikuwa imechoka kama abiria wake. Nyamvula aliegemea kikapu chake cha ndizi akisikiliza, maana masikio hayalipi nauli. Mbele yake mwanamume mwenye sanduku la mbao begani alikuwa akimweleza mzee wa kanzu, asiyemjua, kwamba mwanawe Mwarandu amefukuzwa chuo cha ualimu.

"Ameiba?" mzee akauliza.

"Aibe nini, mzee wangu? Mkuu wa chuo, Mzungu, kila akimsemesha, mtoto huangalia chini. Mzungu akasema huyu ana jambo analificha, na asiyeweza kumtazama mtu hawezi kusomesha watu."

"Si angemtazama tu! Ukenda kwa wenye chongo, vunja lako jicho."

"Mimi ndiye niliyemfunza asimkodolee mkubwa macho. Kwa hilo nilimchapa."

Nyamvula akaguna. Naye wanawe aliwachapa kwa hilo hilo, akadhani amelea.

"Basi ungekwenda ukamweleza huyo Mzungu," mzee akasema, sasa kwa hasira. "Adabu si siri, wallahi. Mtu akielezwa huelewa."

"Ndiko nitokako." Yule baba akalihamishia sanduku bega la pili. "Nilimweleza yote. Akaniuliza, mbona na wewe hunitazami?"

Feri ikagota Likoni na watu wakaanza kusukumana. Yule baba akasogea kando, akampisha mzee atangulie, macho yake yakiwa chini.