Katuni ya Kuangalia na Binti

Ziada, muuguzi aliyetoka zamu, alitaka tu kulala basi lilipoondoka Kitangari. Nyuma yake mwalimu mmoja alikuwa akimmwagia mama aliyeketi kando yake habari za katuni za Kijapani, utadhani ameombwa. "Ile ya mapanga imetoa msimu mpya, mama. Na gemu lake linakuja Desemba!"

Mama akashusha pumzi. "Binti yangu anaangalia hizohizo, mwalimu. Tangu tumzike baba yake hasemi nami. Nitajie moja, nikae naye."

Mwalimu, mwenye orodha ndefu, akakwama. "Muulize anayoipenda yeye," alisema hatimaye.

"Nitamuulizaje mtu asiyenijibu?"

Basi likasimama Newala. Mama akakaza khanga, akashuka. Kwa mara ya kwanza njia nzima, Ziada akamwonea huruma mwalimu, aliyejua katuni zote ila ya kumpa mama yule.